Jina la Mwaura Kwenye Kila Faili

Jumamosi iliyopita tulimsindikiza Mwaura. Ibada ilifanyika Kamenu, Thika, mbele ya nyumba ya mama yake, chini ya hema za kukodi, na kwa kuwa nilichelewa nilipata kiti cha nyuma kabisa, karibu na akina mama waliokuwa wakiponda viazi na mahindi ya mukimo. Halima, mwenzetu wa kazi ya zamani, alikuwa amenishikia kiti hicho kwa mkoba wake. Miaka mingi sasa yeye na mimi ni watu wa kutumiana salamu za Idi na Krismasi, basi. Mdogo wake Mwaura alisimama kusoma wasifu. Alitaja shule, akataja vyuo, akataja miji ya ng'ambo ambako kaka yake aliishi hadi ugonjwa ulipomrudisha nyumbani. Kisha akasema kwamba kaka yake ndiye aliyebuni ile sehemu maarufu ya programu inayowakumbusha wagonjwa siku zao za kliniki, sehemu inayohakikisha kwamba umeme ukikatika ujumbe haupotei wala hautumwi mara mbili, na kwamba inatumika hadi leo katika nchi ambazo yeye mwenyewe alishindwa kuyatamka majina yake. Watu walipiga makofi. Mama mmoja mbele yangu akamwambia mwenzake, "Huyo kijana Mungu alikuwa amempatia kichwa." Mwenzake akajibu, "Na hakuwa na kiburi, aki." Halima aliinamisha macho akatazama viatu vyake.

Sehemu ile niliiandika mimi. Sikusimama kusema hivyo, kwa sababu mtu hasimami matangani akamsahihisha marehemu mbele ya mama yake. Nilikula mukimo, nikaaga, nikarudi zangu. Lakini tangu Jumamosi nimekuwa nikifundisha darasa langu huku akili iko Ruiru, katika chumba ambacho sijakanyaga tangu nilipokuwa kijana, na nimeona afadhali niandike habari za mwaka ule jinsi zilivyokuwa, hata kama msomaji wake atakuwa mimi peke yangu.

Chumba chenyewe kilikuwa juu ya duka la chakula cha mifugo. Harufu ya unga wa kuku na molasi ilipanda ngazi pamoja nasi kila asubuhi, ikaingia kwenye nguo, kwenye nywele, hata kwenye mkate. Meza yetu ilikuwa mlango wa zamani uliolazwa juu ya madumu mawili, na kitasa chake kilikuwa hakijatolewa, kwa hivyo aliyekaa upande ule alilazimika kuweka kompyuta yake mshazari. Aliyekaa upande ule ni mimi. Mwaura alikaa dirishani, mahali ambapo mtandao ulishika vizuri. Halima, ambaye alitoka kwao Thika kila siku, alikaa kati yetu, na kazi yake ilikuwa kwenda kwenye zahanati, kuweka programu kwenye kompyuta zao, kuwafundisha wauguzi, na kutuletea malalamiko. Kulikuwa na shirika dogo lililotupa kazi hiyo: zahanati chache za Thika na Ruiru zilitaka wagonjwa wao wakumbushwe kwa ujumbe wa simu, na sisi tulitakiwa kuwatengenezea. Hatukuanza kutoka mwanzo. Tuliipata programu ya mzungu mmoja aitwaye Pieter, ambaye alikuwa ameiandika na wenzake wa kujitolea na kuiacha wazi mtandaoni ili yeyote aichukue, aitumie, airekebishe, na akipenda amrudishie marekebisho. Mwaura, ambaye ndiye aliyekuwa mkubwa wetu kazini, aliichukua nakala akaiweka kwenye akaunti yake. Nakala ya namna hiyo, inayotokana na mradi wa mtu lakini inaishi kwako na unaibadilisha upendavyo, ndiyo tuliyoiita fork.

Mwaura wa siku zile alikuwa mtu wa kupendwa, na sitaki kumwandika kama kwamba sikumpenda. Aliimba akiosha vikombe. Alinifundisha mambo ambayo chuo hakikunifundisha, na hakuwahi kunifanya nijione mjinga kwa kuuliza. Nilipougua homa ya matumbo nikalala kwangu mtaani Kahawa Sukari wiki nzima, ni yeye aliyekuja na supu ya mifupa kwenye chupa ya chai, akakaa mlangoni kwenye kiti cha plastiki akinisimulia vituko vya ofisini hadi nikamaliza kikombe. Nikikumbuka supu ile hasira yangu haipungui. Inazidi, kwa sababu ningekuwa nimedhulumiwa na mtu mbaya ningeshamsahau.

Shida ilianza na mama mmoja wa Thika. Umeme ulikuwa ukikatika kila mara, na programu ya Pieter, iliyoandikwa mahali ambapo umeme haukatiki, ilikuwa ikiamka na kuanza kutuma upya kila kitu ilichokuwa nacho, hata ujumbe wa wiki iliyopita. Yule mama alipata ujumbe wa zamani, akambeba mtoto mgongoni akaja siku isiyo yake, akarudishwa. Siku iliyofuata akapata mwingine, akaja tena. Halima alikuwepo. Alituigizia yule mama alivyosimama pale dirishani pa zahanati: "Sista, mnanicheza? Mtoto ana joto, nimeacha wengine na jirani, mnaniita mnanifukuza, mnaniita mnanifukuza. Nitupe hii simu?" Halima alipomaliza kusimulia hakuna aliyecheka. Mwaura akanigeukia akasema, "Nyokabi, hii ni yako. Andika foleni ya kweli. Ujumbe uingie mara moja, utoke mara moja, hata stima ikipotea katikati."

Niliingia kazini siku hiyo hiyo. Nilirekebisha faili ya foleni, nikawasha programu, nikachomoa waya wa umeme, nikaurudisha, na simu ya Halima, tuliyoitumia kujaribia, ikalia mara mbili. Nikarekebisha tena. Ikalia mara mbili. Kwa siku kadhaa nilibadilisha kila nilichoweza kubadilisha na simu ile ikaendelea kulia mara mbili kama inayonikebehi. Hatimaye kwa hasira niliandika "ugali ugali ugali" katikati ya faili, upuuzi ambao kompyuta yoyote ingeukataa, nikawasha. Programu ikaamka bila hata kulalamika. "Mwaura," nikasema, "hii faili haisomwi. Tunaandika mahali ambapo hakuna mtu anaangalia."

Alikuja akainama juu ya bega langu, tukaona pamoja. Lugha tuliyotumia ina desturi ya kuita kila kipande kwa anwani yake kamili: mahali kilipo mtandaoni, jina la mwenye akaunti, jina la mradi, jina la folda. Faili moja ikihitaji kazi ya folda nyingine, pale juu inaandika, nenda kwa fulani ulete. Mistari hiyo inaitwa import. Sasa sisi tulikuwa tumehamisha mradi kutoka kwa Pieter kuja kwa Mwaura, lakini anwani zilizoandikwa ndani ya faili hazikuhama nasi. Kila faili ilikuwa bado inasema, nenda kwa Pieter ulete foleni. Kwa hiyo kompyuta ilisoma mlango wetu, ikaingia, kisha ikatoka nje ikaenda kuchukua foleni ya zamani kwa mwenyewe, na yangu ikabaki imekaa hapo bila kuguswa. Mwaura alicheka mpaka akashika kifua. "Ugali ugali ugali," akawa anaimba. Mama Ciku, aliyekuwa akipika kwenye kibanda nyuma ya duka, alikuwa amepanda kutuletea githeri ya mahindi na maharage, na akauliza kama kuna harusi. Tulikula siku ile kwa furaha, sahani juu ya ule mlango, mimi nikiwa nimeona kosa na wenzangu wakinipongeza.

Baada ya chakula ndipo tulipokosana mara ya kwanza. Mwaura alisema dawa ni rahisi. "Tunabadilisha import zote ziwe zangu. Amri moja tu, inapita kwa kila faili, jina la Pieter linatoka, langu linaingia."

"Lako?"

"Letu. Si akaunti ni yangu? Lazima iwe ya mtu."

Nikamwambia kuna njia nyingine. Tuache anwani zilivyo. Nakala yetu tuiweke kwenye kompyuta ndani ya folda yenye jina la Pieter, kana kwamba tumeitoa kwake moja kwa moja, halafu tuongeze akaunti yetu kama mahali pa pili pa kupelekea kazi. Kompyuta ikitafuta foleni kwa Pieter itafungua folda hiyo na kukuta foleni yangu. Kazi yetu itaendelea kwenda kwenye fork yetu kama kawaida. Na siku tukitaka kumrudishia Pieter kitu, ataona kile tulichobadilisha peke yake, bila takataka ya majina.

Mwaura alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akasema jambo ambalo nimelikumbuka miaka yote hii. "Kwa hivyo sisi tunatoka jasho hapa Ruiru, na kila faili inaendelea kusema ni ya mzungu? Kwani sisi hatuna majina? Tunafichaje kazi yetu chini ya jina la mtu mwingine?" Halima akasema, "Hapo ako na point." Na mimi, niseme ukweli, maneno yale yalinigusa. Nilikuwa nimechoka kuona kila kitu kizuri kina jina la mbali. Nikajimiminia chai. Aliandika ile amri yake, akabonyeza, na kabla sijameza chai yangu faili zote za mradi zilikuwa zimebadilika. Zilisema Mwaura, juu kabisa, mstari baada ya mstari. Leo nikilifikiria swali lake, tunafichaje kazi yetu chini ya jina la mtu mwingine, nashangaa kama alilisikia alipokuwa akilisema.

Foleni yangu ilianza kusomwa, na ikafanya kazi. Nilikwenda Thika na Halima, nikakaa kwenye benchi la zahanati kati ya akina mama wenye kadi mkononi, tukazima umeme makusudi mchana kweupe, tukauwasha. Kila simu ikalia mara moja. Muuguzi mkuu alinipa mkono. Mwaura, kwa furaha, akasema sasa tumpelekee Pieter, dunia nzima ifaidike. Akatuma ombi la kuunganisha kazi yetu na ya Pieter. Jibu lilikuja baada ya siku mbili tatu, la adabu lakini kavu. Pieter alisema anashukuru, ila ombi letu limegusa karibu kila faili ya mradi, na kila anapofungua anakuta ni jina tu limebadilika. Hawezi kuona kazi yenyewe iko wapi, na hata akiikubali, programu yake itaanza kwenda kutafuta vipande kwa Mwaura badala ya kwake. Rudisheni anwani, aliandika, mniletee mabadiliko peke yake.

"Anataka tumpigie magoti," Mwaura akasema, akafunga kompyuta kwa kishindo.

"Anataka kuona kazi," nikasema.

"Basi muonyeshe wewe."

Nilimwonyesha. Ilinichukua karibu msimu mzima wa mvua. Nilichukua nakala mpya kabisa kwa Pieter, nikaiweka kwenye folda yenye jina lake kama nilivyokuwa nimesema mwanzoni, nikaongeza fork yetu pembeni kama mahali pa pili. Kisha nikaanza kuhamisha kazi yangu kipande kwa kipande, mstari kwa mstari, nikiokota foleni na kuacha majina, kama mtu anayechambua mchele uliomwagika kwenye kokoto. Wakati huo Pieter naye alikuwa akiendelea kubadilisha mambo, na kwa kuwa fork yetu ilikuwa na anwani nyingine, kila alichobadilisha kilikuwa hakiingii kwetu bila kugombana. Kazi hiyo niliifanyia kwangu Kahawa Sukari wikendi, sufuria ikiwa sakafuni kupokea maji yaliyovuja kwenye paa, na Ruiru siku za kazi, kati ya kitasa cha mlango na ukuta. Kila kipande nilichomaliza nilikihifadhi kwa jina langu na maelezo yake. Chombo tulichohifadhia kazi kina heshima hiyo: kila unachohifadhi kinaandikwa ni nani alikifanya. Nilipomaliza, niliipeleka kwenye fork, ambayo ilikuwa kwenye akaunti ya Mwaura kwa sababu ndiyo pekee tuliyokuwa nayo, nikamwambia iko tayari. Alisema, "Wewe ni moto, Nyokabi." Akaniahidi atalituma ombi mwenyewe kwa kuwa yeye ndiye anayefahamiana na Pieter.

Kuna siku moja katikati ya hayo ambayo ningepaswa kuelewa. Nilikuwa nimetoka kununua maziwa, nikamkuta Mwaura amesimama kwenye ngazi akiongea na simu, amenipa mgongo. Kiingereza chake kilikuwa kile cha kuongea na wageni. Nilisikia anasema foleni ilimpa taabu sana lakini ameimaliza. Kisha akasikiliza, akacheka, akasema, hapana, si peke yangu, kuna dada mmoja hapa ananisaidia kuangalia makosa madogo madogo. Nilirudi chini taratibu nikasimama kati ya magunia ya unga wa kuku hadi aliponyamaza. Mwenye duka akaniuliza kama nimepoteza kitu. Nikamwambia la. Nilipopanda, Mwaura alinipokea pakiti ya maziwa, akawasha jiko, akatupikia chai sisi wote. Nikajiambia watu hujitutumua kwenye simu, kila mtu hufanya hivyo.

Siku habari ilipokuja tulikuwa tunakula chapati na ndengu. Halima alikuwa amefunga, kwa hivyo yeye hakula, alikuwa akitusomea habari kwenye kompyuta yake ili asiitazame sahani. Akapiga ukelele. "Wamekubali! Pieter amekubali foleni!" Akaanza kusoma. Pieter alikuwa amewaandikia wote wanaofuatilia mradi kwamba hii ndiyo kazi bora waliyopokea tangu waanze, kwamba wanamshukuru sana Mwaura wa Kenya, na kwamba wangependa aje awaeleze ana kwa ana katika mkutano wao. Halima alisoma hadi pale kwenye jina, sauti yake ikapungua, akamaliza sentensi kwa kunong'ona. Nilivuta kompyuta yake nikafungua kumbukumbu za mradi. Vile vipande vyangu vyote, kazi ya msimu wa mvua, vilikuwa vimekunjwa kuwa kipande kimoja. Maelezo yalikuwa yangu, neno kwa neno. Jina lilikuwa la Mwaura.

"Hii ni nini?" nikamuuliza.

Mwaura alifuta mikono kwa karatasi. "Pieter alitaka iwe kipande kimoja, si nyingi nyingi. Mimi ndiye niliyezikunja, mashine ikaweka jina langu. Hiyo ni kawaida."

"Kuna mahali pa kuandika jina la aliyefanya. Unajua. Wewe ndiye ulinifundisha."

"Nilisahau."

"Basi sema. Mwandikie Pieter sasa hivi."

"Nyokabi, ishaingia. Watu washaichukua. Kubadilisha jina sasa ni kuvuruga historia ya mradi mzima, kila mtu aliye na nakala atagongana. Kwa sababu ya nini? Jina?"

"Siku ya githeri jina lilikuwa kitu kikubwa."

Alinitazama kama aliyepigwa, na kwa muda mfupi nilifikiri atainama na kusema pole. Badala yake akamgeukia Halima. "Halima, si hii ni kazi ya team? Kuna mtu hapa amefanya peke yake?" Halima alikuwa ameshika kingo za ushungi wake kwa mikono miwili. Alijua. Simu yake ndiyo iliyolia mara mbili, kisha mara moja. Alikaa nami kwenye lile benchi la zahanati. Akasema, "Mimi si mtu wa code, Mwaura. Mimi sijui mambo yenu." Hilo ndilo lililoniuma kuliko lote, na linaniuma bado, ingawa siku hizi namwelewa: alikuwa na mtoto mdogo na mkataba uliokuwa ukitiwa sahihi na Mwaura kila baada ya miezi michache.

Nilimwandikia Pieter mwenyewe. Nilimweleza kwa upole, nikamwonyesha vile vipande vya kwanza ambavyo bado vilikuwa kwenye fork. Alinijibu kwamba anasikitika, kwamba haya ni mambo ya ndani ya timu yetu, na kwamba anatumaini tutaelewana. Baada ya siku chache vile vipande vya kwanza havikuwepo tena kwenye fork. Tawi lile, yaani sehemu ya fork nilikoiweka kazi hiyo, lilikuwa limefutwa, jambo ambalo watu hufanya kusafisha baada ya kazi kukubaliwa, na Mwaura alisema hivyo hivyo, kwamba alikuwa anasafisha. Nakala yangu niliyobaki nayo ilikuwa kwenye kompyuta yangu, ambako hakuna mtu angeweza kuthibitisha kama sikuiandika jana.

Katika wiki zile niliitwa Nairobi na kampuni moja iliyokuwa ikitafuta mtu wa kazi kama yangu. Waliniweka kwenye chumba chenye kiyoyozi na chupa za maji, wanaume wawili na mwanamke mmoja, wakaniomba niwaonyeshe kitu nilichojenga. Niliwaeleza foleni. Niliieleza vizuri, najua, kwa sababu yule mwanamke aliacha kuandika akawa ananisikiliza tu. Kisha mmoja wa wanaume akafungua mradi wa Pieter kwenye skrini ya ukutani, akatafuta, akasema, "Hii hapa. Lakini hii ni ya mtu anaitwa Mwaura." Nikaanza kueleza. Nilijisikia nikieleza: akaunti, kukunja vipande, tawi lililofutwa. Kadiri nilivyoeleza ndivyo nilivyozidi kufanana na mtu mwongo. Yule mwanamke akasema kwa huruma, "Ni sawa, tumeelewa ulishiriki." Hawakunipigia tena.

Mwaura alikwenda kwenye ule mkutano na hakurudi kazini Ruiru. Walimpa kazi huko huko. Aliniandikia ujumbe kutoka uwanja wa ndege kwamba hatasahau tulikotoka, nami sikujibu. Niliondoka kwenye kile chumba mwisho wa mwezi. Nilipata kibarua cha kusimamia maabara ya kompyuta kwenye shule moja ya Thika, kuondoa virusi na kufundisha watoto kushika kipanya.

Nilikuwa huko Halima aliponipigia. Alikuwa analia. Zahanati mbili mpya zilikuwa zimeletewa kompyuta, na programu ilikataa kujengeka juu yake, yaani vipande vyake kuunganishwa hadi iweze kuwaka. "Inasema haipati kitu, Nyokabi. Kila nikijaribu inasema hakuna." Nilimuuliza haipati nini, akanisomea, na nikaelewa kabla hajamaliza. Mwaura alikuwa amefunga akaunti yake ya zamani, akafungua nyingine yenye jina analotumia kazini kwake kupya. Zile anwani zote za fork, mstari baada ya mstari, zilikuwa zinaituma kompyuta kwenye nyumba iliyobomolewa. Halima alikuwa na nakala ya faili kwenye flash, lakini ndani yake kila faili ilikuwa inamtafuta Mwaura. Alikuwa amemwandikia. Mwaura alijibu kwamba pole, ataangalia wikendi, na wikendi kadhaa zilikuwa zimepita.

Nilitaka kukataa, na nilikuwa na kila sababu. Nilikwenda kwa sababu ya yule mama aliyeuliza kama anachezwa. Sikutaka aitwe tena siku isiyo yake, au asiitwe kabisa. Ilikuwa mchana, zahanati imejaa, na Halima alinipisha kwenye kiti chake katika kichumba cha kuhifadhia dawa. Tulifungua akaunti mpya kwa jina la mradi, si la mtu. Kisha nikaandika amri ile ile aliyoiandika Mwaura siku ya githeri, ila kinyume: palipo na jina lake, rudisha la Pieter. Nikabonyeza. Jina lake likatoka kwenye faili zote kwa mpigo. Nilikuwa nimeiwazia saa ile mara nyingi, na nilidhani ningefurahi. Sikuhisi chochote isipokuwa uchovu, kwa sababu sasa programu ingeiita foleni kwa anwani ya Pieter, na foleni iliyoko kwa Pieter ilikuwa ni yangu, imevaa jina la Mwaura, na hilo hakuna amri ingeweza kuliondoa. Niliweka nakala kwenye folda inayostahili, nikaijenga. Ikajengeka. Tukachomoa umeme, tukaurudisha. Simu ya Halima ikalia mara moja.

Halima akaihifadhi kazi ile na kuipeleka kwenye akaunti mpya. Nilitazama skrini. Kwa kuwa kompyuta ilikuwa yake, ilikuwa imeandika kwamba aliyefanya kazi ni Halima.

"Iko na jina lako," nikasema.

"Ah, imejiweka yenyewe. Wacha tu, Nyokabi, ni kitu kidogo. Wagonjwa wanangoja."

"Badilisha."

"Si tutabadilisha kesho?"

"Badilisha sasa, Halima."

Aliniangalia, na machozi yakamjia upya. "Siku ile ya chapati nilijua," akasema. "Nilijua ni yako."

"Najua ulijua."

"Niliogopa."

"Najua. Badilisha."

Hakujua jinsi ya kufanya, kwa hivyo nilimwelekeza herufi kwa herufi, nimesimama nyuma yake na mkoba begani, wauguzi wakiingia na kutoka wakitupita na trei za dawa. Aliandika jina langu polepole kwa kidole kimoja. Akabonyeza, akaipeleka upya, na nikasubiri hadi ukurasa ulipofunguka nikaliona kwa macho yangu. Bado liko huko. Jumamosi jioni, baada ya mazishi, nililitafuta nikalipata. Ni mstari mmoja, na ndio pekee unaonitaja katika kazi yote ya mwaka ule. Unataja jina langu kamili, na mbele yake, kama maelezo ya nilichofanya: kurekebisha anwani.